Chakula Nilichokifukia Kihoto

Kabla ziwa halijaingia dukani mwangu, nilikuwa nauza chakula cha kuku na ng'ombe pale Kihoto, mjini Naivasha, upande wa chini wa mtaa, karibu na ziwa. Jengo lilikuwa la mawe, lenye milango miwili ya mabati. Mlango mmoja ulikuwa wa kuuzia, wa pili ulikuwa wa stoo, na vyumba vya nyuma ndimo tulimoishi. Nilinunua mahindi kwa wakulima wa juu, nikayasagisha kwa jirani, kisha nikachanganya mwenyewe kwa koleo juu ya sakafu ya saruji: mahindi, pumba ya ngano, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusagwa na chokaa ya mifugo. Kazi hiyo niliijua kwa sababu ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda kimoja Nakuru, nikishona midomo ya magunia. Macho yangu hayakuwa kwenye uzi peke yake. Nilitazama kila kilichoingia kwenye magunia yale, na kingine sikukipenda, lakini wakati ule sikuwa na mdomo. Nilipoacha kazi nilijiambia kwamba gunia litakalotoka mkononi mwangu litakuwa na kile nilichosema kimo.

Mume wangu ndiye aliyesambaza. Alikuwa na pikipiki, na kila asubuhi alifunga magunia nyuma akaelekea Karagita na Kamere. Wateja wetu wengi kule walikuwa akina mama wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Mtu amepanga chumba kimoja, lakini nyuma ya chumba amejenga banda la mabati na waya, anafuga kuku wa mayai. Mshahara wa maua unalipa nyumba na mayai yanalipa shule. Mmoja wao alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye hakuwahi kupokea gunia kabla ya kuingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi moja, akainusa. Mume wangu alikuwa anamtania, "Mathe, unataka kupika?" Naye anamjibu, "Nikikosa sukuma wiki, nitapika." Nilimpenda mama yule. Tangu siku ya kwanza alinunua kwangu na hakunihama.

Halafu maji yakaanza kupanda.

Watu wa nje hudhani mafuriko ni kelele, mvua kubwa na mto unaovunja kingo. Ziwa halikuja hivyo. Lilikuja polepole, kimya, hata siku za jua kali. Leo limefika kwenye uzio wa jirani wa mwisho, wiki ijayo uzio wenyewe hauonekani. Wazee wa mtaa walisema litarudi, na mimi niliwaamini kwa sababu nilitaka kuwaamini. Nilinunua mbao nikainua magunia kutoka sakafuni. Nilipanga mifuko ya mchanga mlangoni. Asubuhi moja nilifungua duka nikakuta kiboko amesimama kwenye njia, pale ambapo wateja huegesha baiskeli zao, amelowa, ananitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Nilirudi ndani nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la pumba hadi alipoondoka kwa hiari yake. Jirani yangu aliyekuwa akishona nguo alihama siku hiyohiyo. Mimi nilifungua duka mchana.

"Mama, tutoke hapa," mume wangu alisema.

"Tukitoka tunaenda wapi?"

Alienda akaongeza mfuko mwingine wa mchanga mlangoni. Kwa hiyo tulibaki, tukachelewa.

Siku maji yalipoingia, hayakupitia mlangoni nilipoweka mchanga. Yalitokea chini, kwenye sakafu yenyewe, yakipenya kwenye nyufa za saruji. Safu ya chini ya magunia ililowa, na gunia likilowa chini halihitaji maji zaidi. Unyevu unapanda wenyewe hadi juu. Tulitafuta mkokoteni, majirani wakatusaidia, tukahamisha kila kitu hadi uwanja wa kanisa moja lililokuwa sehemu ya juu ya mtaa. Mchungaji alituruhusu kuweka magunia chini ya upenu. Yule mama wa Karagita alisikia habari, akaja siku yake ya kupumzika, akabeba magunia pamoja nasi kama kijana wa gati, huku akiimba nyimbo za kanisani.

Siku chache baadaye magunia yalianza kupata joto. Anayefanya kazi hii anajua maana yake. Ukiingiza mkono katikati ya gunia unahisi joto kama la mtu mwenye homa, na mkono ukitoka umeshika madonge ya kijani kibichi na kijivu, yenye harufu ya godoro lililonyeshewa. Hiyo ni kuvu. Unaweza kuanika chakula kile juani hadi kikauke kabisa, ukakisaga tena, ukakichanganya na kizuri, na mtu asione tofauti. Lakini sumu haikauki. Inaingia kwa kuku, inaingia kwenye yai. Inaingia kwa ng'ombe, inaingia kwenye maziwa, na maziwa yananywewa na mtoto.

Nilikuwa bado nafungua magunia moja baada ya jingine, nikitafuta hata machache yaliyopona, lori dogo lilipoingia uwanjani. Aliyeshuka alikuwa mfanyabiashara wa mjini niliyemfahamu kwa sura. Alikuwa na maduka kadhaa ya chakula cha mifugo, na alivaa koti la ngozi hata kwenye joto. Alitusalimia kwa upole, akatupa pole ya mafuriko, kisha akapita kati ya magunia akiyabonyeza kwa ncha ya kiatu.

"Nitachukua yote," alisema. "Mazima na mabovu. Nimekuja na watu wa kupakia."

Mume wangu aliinua kichwa. Nilimwona usoni namna alivyotulia, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo na mwenzake ameshika upande wa pili. Alikuwa hajalala vizuri tangu tuhame. Watoto wetu tulikuwa tumewapeleka kwa dada yangu.

"Unataka ya nini?" nilimuuliza yule mtu.

"Nitayaanika. Nina uwanja mkubwa."

"Halafu?"

Akacheka. "Mama, wewe ni mtu wa biashara. Kwani kuku wanasoma gunia?"

"Wenye kuku wananijua mimi."

"Hawatajua ni yako. Nitaweka kwenye magunia yangu."

Yule mama wa Karagita alikuwa ameketi pale kwenye ngazi ya kanisa, akipumzika na soda. Aliacha kunywa. Nilimwona anautazama mkono wangu, uliokuwa bado na ule unga wa kijani. Nikafikiria magunia ya mtu huyu yataishia wapi kama si Karagita, kwa watu walewale, kwenye mabanda yaleyale, na pengine kwa mkono uleule unaoingia hadi kwenye kiwiko.

"Siuzi," nilisema.

Mume wangu alinivuta pembeni, nyuma ya kanisa. Hakupaza sauti, yeye si mtu wa kupaza sauti.

"Mama, angalia tulivyo. Hatuna duka. Hatuna mahali pa kulala. Huyu mtu ametumwa na Mungu."

"Mungu hawezi kutuma mtu wa kuchukua sumu awapelekee watu."

"Tukikataa, watu hawatanunua kwingine sumu hiyohiyo? Hawa jamaa wanafanya hivi kila siku."

"Wafanye na yao. Hii ni yangu."

"Ni yetu," alisema. Na hapo alikuwa na haki, kwa sababu hakuna gunia hata moja kati ya yale ambalo mgongo wake haukulijua. Kisha nikamwambia ukweli nilioufahamu wakati ule, kwamba nikiuza mzigo ule sitaweza tena kuchanganya chakula cha mtu yeyote, mikono yangu itakataa. Halafu alienda akakaa juu ya pikipiki yake akatazama upande wa ziwa.

Tuliporudi mbele, vijana wa lori walikuwa wameanza kupakia bila kungoja jibu. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Nilichukua kisu cha kukatia kamba, nikaenda kwenye gunia lililokuwa begani kwa kijana mmoja, nikalipasua kuanzia juu hadi chini. Chakula kilimwagika mgongoni mwake na kwenye kiatu cha tajiri wake. Kijana akaruka. Nikapasua la pili lililokuwa tayari ndani ya lori.

"Wewe mwanamke ni mwendawazimu!" yule mtu alifoka.

"Shusha mzigo wangu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Shusha mzigo wangu, boss, ama nipasue na magurudumu."

Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa uwanjani. Kihoto nzima ilikuwa imehamia sehemu za juu, na watu waliopoteza nyumba hawana shughuli nyingi mchana. Wengine walicheka, wengine walisema kweli maji yamenipanda kichwani. Vijana wake wakashusha. Alipokuwa anaingia kwenye lori alinielekezea kidole. "Hutafungua duka tena Naivasha hii. Nitahakikisha."

Nyuma ya kanisa kulikuwa na shimo jipya la choo, lililochimbwa likaachwa bila kujengewa. Nilimwomba mchungaji. Alikuna kidevu, akauliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Gunia lililopona sikupata hata moja, kwa hiyo tulimwaga kila kitu mle, gunia kwa gunia, pamoja na mama wa Karagita na akina mama wengine wawili ambao hata sikuwajua. Juu yake tukamwaga majivu na chokaa, kisha udongo. Mwanamume mmoja alilia kwamba tunafukia chakula watu wakiwa na njaa. Nilimwambia akitaka aonje kwanza. Mume wangu hakushiriki. Lakini jua lilipoelekea kuzama alikuja, akachukua sepetu mkononi mwangu, akamalizia kusawazisha udongo.

Kisha hatukuzungumza vizuri kwa muda mrefu.

Tulipanga chumba Karagita. Yeye aligeuka boda boda wa abiria, mimi nikapata kibarua cha kupanga maua kwa urefu wa shina, kwenye chumba cha baridi ambapo vidole vinakufa ganzi kabla ya saa ya chai. Siku za kupumzika nilizunguka nikitafuta chumba cha duka. Kila mahali nilipofika, mwenye jengo alikuwa na nafasi hadi nilipotaja biashara yangu. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mama, nasikia una shida na watu wakubwa. Mimi sitaki maneno." Basi nilielewa kwamba kile kidole hakikuwa cha kutisha tu.

Nilikasirika, kisha nikafurahi. Sijui nieleze vipi. Kama mtu anahangaika kunifungia milango, basi mimi si kitu kidogo kwake. Nikaacha kutafuta mjini. Nilipanda juu, kwenye mteremko wa kuelekea Kinangop, nikapata ghala la zamani la viazi kwenye senta ndogo ambayo ilikuwa na kinyozi, hoteli ya chai na kituo cha kukusanyia maziwa. Mwenyewe alikuwa mjane mwenye ng'ombe wachache, na hakujali hata kidogo ni nani mkubwa Naivasha. Aliuliza jambo moja tu: "Chakula chako kitawafanya ng'ombe wangu waharishe?" Nikasema hapana. "Basi lete virago."

Kilichobaki ni mashine. Sikutaka tena kuchanganya kwa koleo. Nilikumbuka mzee mmoja mfanyabiashara Nakuru, singasinga, aliyekuwa akiniuzia mashudu tangu nikiwa Kihoto. Nyuma ya ghala lake kulikuwa na mashine ya kuchanganyia, imesimama wima kama tangi, na turubai limeoza juu yake. Nilienda kumwona. Alikuwa ameketi mezani pake akimenya chungwa.

"Ile imekufa, mama," alisema. "Baba yangu alinunua. Mota imeungua, na parafujo kubwa la ndani la kupandishia unga limelika."

"Niuzie kama chuma chakavu."

"Utafanya nini na chuma chakavu?"

"Hiyo ni shida yangu, mzee."

Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia amesikia habari zangu, kwamba nilipasua magunia mbele ya kanisa. Kumbe hadithi ilikuwa imenitangulia Nakuru. Akasema nichukue mashine kwa bei ya chuma, lakini kwa sharti: mashudu yote nitanunua kwake, siku zote.

Ingekuwa rahisi kukubali. Nilikuwa nimevaa viatu vilivyopasuka, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. "Mzee," nilisema, "mashudu yako yakiwa mazuri, nitanunua kwako bila sharti. Yakiwa mabaya nitapita mlangoni pako nikikupungia mkono. Siwezi kuapa kununua kitu ambacho sijakinusa."

Aliweka chungwa chini. Nilidhani nimeharibu mambo. Alinitazama, kisha akamwita mfanyakazi wake kwa sauti, akamwambia aondoe turubai. "Marehemu baba angekupenda sana," alisema. "Mimi mwenyewe bado sijaamua."

Tuliuza makochi na televisheni. Mume wangu ndiye aliyetafuta lori la kuibeba mashine hadi juu, na nilipomwona amekumbatia ule mtungi wa chuma nyuma ya lori, mvua ikimnyeshea, nilijua kwamba tumerudiana. Fundi wa kuchomelea alijaza parafujo likawa kama jipya. Tulipata mota nyingine iliyotumika. Siku ya kwanza tulipoiwasha, ilinguruma na kugonga vibaya hadi kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja wake akimfuata na povu kwenye nusu ya uso. Mama mwenye ghala alikuja akasimama mlangoni. "Iko hai," alisema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nisidanganye kwamba watu walikuja mbio. Miezi ya mwanzo nilichanganya kidogo na kukaa sana. Wakulima wa mteremko ule ni watu wa tahadhari. Walipita, wakanisalimia, wakaenda kununua mahali walipozoea. Na mara walipoanza kunizoea, yule tajiri wa koti la ngozi alifungua duka ng'ambo ya barabara, palepale senta, lenye rangi mpya na redio inayoimba kutwa nzima. Bei yake ilikuwa chini kuliko gharama yangu ya kununua mahindi. Sikuhitaji kuuliza aliwezaje. Wateja wangu nusu walivuka barabara. Walinipungia mkono wakiwa kule, na mimi nikawapungia.

Mume wangu aliuliza kama tushushe bei. Nikasema hapana. Aliuliza kama tuongeze pumba kidogo, mahindi yapungue. Nikamtazama. "Nilikuwa nauliza tu," alisema, na akacheka, na siku ile nilicheka naye.

Nilichofanya ni kufungua milango. Niliondoa mabati ya upande wa barabara nikaweka wavu, ili kila anayepita aone ninachomwaga ndani ya mashine. Mahindi niliyaweka nje kwenye mkeka, mtu achukue, atafune. Asiyetaka kuniamini aje aone kwa macho. Akina mama wa kituo cha maziwa wakawa wanakuja kusimama pale asubuhi wakisubiri gari, wananiuliza hiki ni nini, na kile kinafanya nini, nami nawaeleza. Taratibu wakaanza kununua. Mama wa Karagita, ambaye jambo hulifanya hata usipomtuma, alitangaza mtaa mzima kwamba nimefufuka huko juu, na pikipiki ya mume wangu ikaanza tena kushuka bonde na magunia nyuma.

Yule mtu hakufilisika. Ningependa kusema alifilisika, lakini hakufilisika. Kuku wa baadhi ya wateja wake waliacha kutaga, wengine walikufa, naye aliwaambia ni ugonjwa, akawauzia dawa. Bado ana maduka yake. Lile la ng'ambo ya barabara bado liko wazi na redio bado inaimba.

Mwaka huu alikuja mwenyewe. Alivuka barabara kwa miguu, mchana, akasimama mbele ya wavu wangu. Ameongezeka tumbo, na koti halifungi tena. Nilikuwa napima chokaa.

"Mama," alisema, "tuache ya zamani. Watu wanaingia kwangu wanauliza kile chakula cha yule mama. Nichanganyie. Nitaleta malighafi yangu, wewe unachanganya, tunaweka jina lako kwenye gunia. Utatulia."

"Malighafi yako nitaiona kwanza?"

"Kuna haja gani ya kuiona? Ni biashara."

"Basi hapana."

"Unajivunia nini?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mashine ya chuma chakavu na ghala la viazi! Mimi naweza kukaa hapa mbele yako miaka yote, nikuangalie hadi uchoke."

"Kaa," nilimwambia. "Mimi hufungua saa moja asubuhi. Karibu."

Alifungua mdomo aongeze kitu. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu na mkono kwenye swichi, akawasha mashine. Tulimwona yule mtu midomo ikicheza upande wa pili wa wavu, mkono ukirushwa huku na huku, na hatukusikia hata neno. Nikainua debe la mahindi nikalimimina.